Filamu za Kauboi na Watu wa Kweli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu watu walioishi kweli Magharibi ya Marekani katika karne ya 19, na jinsi sinema ilivyowageuza. Tumejibu kwa majina, tarehe na mahali. Mtu akikuambia tu kwamba filamu hutia chumvi, bado hujui chumvi iko wapi.

Filamu ikijitangaza kuwa imetokana na kisa cha kweli, nani amehakiki?

Hakuna. Hayo ni maneno ya kuuzia filamu, wala hakuna chombo kinachopima kiasi cha ukweli kinachotakiwa ndipo yaruhusiwe kuandikwa. Kwa sheria ya Marekani, marehemu hakashifiwi. Mtayarishaji akimfanya mtu aliyekufa mwaka 1881 kuwa katili au mtakatifu, wajukuu hawana kesi ya kashfa ya kumfungulia.

Kilichowabana watayarishaji kilikuwa kitu kingine. Kuanzia 1934 hadi 1968 studio za Hollywood zilifuata kanuni za maadili zilizokataza uhalifu kuonyeshwa kama njia ya kupata faida au sifa. Ukitaka jambazi awe stelingi, ilikubidi umpe sababu njema ya kuingia kwenye ujambazi, kisha mwishoni afe au atubu. Ukiijua kanuni hiyo utaelewa kwa nini majambazi wengi wa filamu za miaka ile walianza kwa kuonewa.

Je, kila badiliko ni uongo wenye uzito sawa?

Hapana. Kofia isiyo ya mwaka wake ni jambo dogo. Kufupisha miezi mitano iwe siku mbili kunavumilika, na hata kuwaunganisha watu watatu kuwa mmoja kunaeleweka kwa sababu filamu ina saa mbili tu. Kinachoharibu historia ni kugeuza sababu: nani alianza, alitaka nini, nani alifaidika. Mtazamaji husahau tarehe siku hiyohiyo, lakini sababu aliyopewa hukaa naye maisha yake yote. Kwa hiyo ukiikagua filamu, anzia kwenye sababu, nguo ziache mwisho.

Mapigano ya O.K. Corral yalikuwaje hasa?

Yalitokea tarehe 26 Oktoba 1881, kama saa tisa alasiri, katika mji wa machimbo ya fedha wa Tombstone, Arizona. Hayakufanyika ndani ya zizi la O.K., bali kwenye kiwanja chembamba karibu nalo, kando ya studio ya mpigapicha C. S. Fly. Upana wa kiwanja ulikuwa kama mita tano au sita. Kwa sekunde zipatazo 30 zilifyatuliwa risasi zipatazo 30. Upande wa makauboi walikufa Billy Clanton na ndugu wawili, Tom na Frank McLaury. Upande wa sheria, Virgil na Morgan Earp walijeruhiwa, rafiki yao Doc Holliday alikwaruzwa na risasi, na ndugu yao Wyatt Earp hakuguswa.

Aliyeongoza upande wa sheria hakuwa Wyatt. Mkuu wa usalama wa mji alikuwa kaka yake, Virgil, na Wyatt alikuwa msaidizi wa muda tu. Na chanzo cha siku ile kilikuwa sheria ndogo ya mji, iliyopitishwa Aprili mwaka huohuo, ya kukataza kutembea na silaha mjini. Virgil alikwenda kuwanyang'anya watu bunduki. Nyuma yake kulikuwa na ugomvi wa miezi mingi: wizi wa mifugo, uporaji wa gari la abiria la kukokotwa na farasi, siasa za uchaguzi, na vitisho vya ulevi vya usiku uliotangulia.

Sasa itazame My Darling Clementine ya John Ford, ya mwaka 1946. Humo Wyatt anashika kazi ya usalama ili alipize kisasi cha mdogo wake James, aliyeuawa na akina Clanton. James Earp wa kweli alikuwa mkubwa kuliko Wyatt, na alifariki mwaka 1926. Mzee Clanton, baba wa Billy na adui mkuu wa filamu, aliuawa Agosti 1881, miezi miwili kabla ya mapigano. Doc Holliday anaonyeshwa kuwa daktari mpasuaji na anafia uwanjani. Alikuwa daktari wa meno, na kifua kikuu kilimmaliza tarehe 8 Novemba 1887 mjini Glenwood Springs, Colorado. Hata yale majabali marefu ya Monument Valley yako zaidi ya kilomita 500 kaskazini ya Tombstone.

Kosa zito kuliko yote hayo ni la mpangilio. Kisasi kilikuja baada ya mapigano, si kabla. Virgil alipigwa risasi usiku wa 28 Desemba 1881 na mkono wake ukalemaa. Morgan aliuawa tarehe 18 Machi 1882. Hapo ndipo Wyatt alipoanza kuwasaka na kuwaua watu bila kuwafikisha mahakamani, hadi akalazimika kukimbia Arizona. Ukikitanguliza kisasi, mapigano ya kiwanjani yanakuwa haki iliyocheleweshwa. Ukikiacha mahali pake, unaona kazi ya polisi iliyokwenda vibaya na kuzaa mauaji mengine.

Kama mambo hayo yanajulikana, hadithi ya Wyatt shujaa ilitoka wapi?

Kwake mwenyewe kwa kiasi fulani, na zaidi kwa mwandishi wake. Wyatt aliishi hadi tarehe 13 Januari 1929 na akafia Los Angeles, mjini kwa wacheza filamu. Waigizaji wa kauboi William S. Hart na Tom Mix walikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Mwaka 1931 Stuart Lake alichapisha kitabu cha maisha yake, na maneno mengi aliyomwekea Wyatt mdomoni yalikuwa ya Lake mwenyewe. Filamu nyingi zilizofuata zilitegemea kitabu hicho, moja kwa moja au kwa kuigana.

Tombstone ya 1993 ilirudi kwenye kumbukumbu na ikapata mengi sawasawa, lakini nayo inamfanya Doc Holliday amuue Johnny Ringo, mmoja wa maadui wa akina Earp, kwa bastola, ana kwa ana. Ringo alikutwa amekufa Julai 1882 akiwa na tundu la risasi kichwani, na uchunguzi wa wakati huo ulisema alijiua. Doc wakati huo alikuwa Colorado.

Billy the Kid alitumia mkono wa kushoto?

Hakuna ushahidi kwamba jambazi huyo alikuwa wa kushoto. Picha yake mashuhuri ni ya kwenye bati, na picha za aina hiyo hutoka zimegeuka kama kwenye kioo. Itazame bunduki yake, Winchester ya 1873: mlango wa kuingizia risasi uko upande wa kulia wa bunduki hiyo, lakini pichani unaonekana kushoto. Igeuze picha, na bastola inahamia kiunoni upande wa kulia. Hata hivyo mwaka 1958 ikatoka filamu yenye jina linalomtaja kuwa wa kushoto, The Left Handed Gun, ikichezwa na Paul Newman aliyekuwa na miaka 33. Billy aliuawa na sherifu Pat Garrett huko Fort Sumner, New Mexico, tarehe 14 Julai 1881, akiwa na umri wa miaka kama 21.

Ile hesabu ya kwamba aliua watu 21, mmoja kwa kila mwaka wa umri wake, ni ya magazeti na vitabu vya bei rahisi. Wanaothibitika kuuawa naye peke yake ni wanne. Wengine waliuawa katika mapambano ya kundi, ambapo huwezi kusema risasi ya nani ilimpata nani.

Custer alikuwa mtetezi wa Walakota, kama filamu ya 1941 inavyoonyesha?

Hapa ukweli umepinduliwa miguu juu. They Died with Their Boots On, iliyochezwa na Errol Flynn, inamwonyesha George Armstrong Custer, afisa wa jeshi la Marekani, akiahidi kuilinda milima ya Black Hills ya Walakota, wenyeji wa asili. Uvumi wa dhahabu unapikwa na wafanyabiashara waovu, naye anakwenda kufa kwa kujitolea.

Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwaachia Walakota milima hiyo. Mwaka 1874 Custer mwenyewe aliongoza msafara wa watu wapatao 1,000 kuingia humo, akiwa na wachimba madini na waandishi wa habari, na ripoti zake zikatangaza kuwa dhahabu ipo. Wachimbaji wakamiminika. Serikali ikajaribu kuinunua milima, ikashindwa, kisha ikawaamuru Walakota waliokuwa wakiwinda mbali waripoti kwenye vituo kabla ya 31 Januari 1876. Wasioripoti wakahesabiwa kuwa maadui. Tarehe 25 Juni 1876 Custer alikishambulia kijiji chao kando ya mto Little Bighorn. Yeye na wote waliokuwa naye katika kampuni tano, watu wapatao 210, wakauawa.

Picha na filamu nyingi humwonyesha akiwa na nywele ndefu na upanga mkononi. Nywele alikuwa amekata kabla ya safari, na panga kikosi kilikuwa kimeziacha nyuma.

Usikubali pia ile kauli kwamba hakuna aliyebaki kusimulia. Walakota na Wacheyenne waliopigana walisimulia. Red Horse, Mlakota, alichora michoro 42 mwaka 1881, na ipo hadi leo katika taasisi ya Smithsonian. Mwaka 1983 moto uliunguza nyasi za uwanja huo, na kuanzia 1984 wanaakiolojia wakaupima kwa vigunduzi vya chuma. Maganda ya risasi yalionyesha kwamba wapiganaji wengi walikuwa na bunduki za Henry na Winchester zinazofyatua mfululizo, wakati askari walikuwa na Springfield ya kutia risasi mojamoja. Jambo hilo linaeleza kushindwa kwao vizuri kuliko hadithi yoyote ya kujitolea mhanga.

Jesse James aliwaibia matajiri akawapa maskini?

Hakuna kumbukumbu hata moja inayoonyesha akigawa fedha nje ya genge lake na jamaa zake. Filamu ya 1939, Tyrone Power akiwa Jesse, inasema aliingia ujambazini baada ya watu wa kampuni ya reli kumuua mama yake kwa bomu. Tukio la bomu lipo, lakini lilitokea Januari 1875, Jesse akiwa jambazi wa miaka mingi. Wapelelezi wa kampuni binafsi ya Pinkerton walirusha kifaa cha moto ndani ya nyumba. Mdogo wake wa upande wa mama, Archie, akafa, na mama yake Zerelda akapoteza sehemu ya mkono. Zerelda aliishi hadi 1911.

Filamu ilifuta jambo lingine pia. Familia ile ilimiliki watumwa huko Missouri, na Jesse alijifunza kuua akiwa kijana katika vikundi vya msituni vya upande wa Kusini, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wizi wake wa benki unatokana na vita hivyo kuliko unavyotokana na kampuni za reli.

Davy Crockett alikufaje Alamo?

Katika filamu ya John Wayne ya 1960, The Alamo, anakufa akilipua ghala la baruti. Hilo halina ushahidi. Alamo, ngome ya waasi wa Texas waliopigana na Meksiko, ilianguka alfajiri ya 6 Machi 1836. Afisa wa Meksiko, José Enrique de la Peña, aliandika kwamba Crockett alikuwa miongoni mwa wachache waliokamatwa hai na kuuawa kwa amri ya Jenerali Santa Anna. Wanahistoria bado wanabishana juu ya ushahidi huo. Filamu ya 2004 yenye jina hilohilo iliufuata.

Sisi tunaona swali la namna alivyokufa limepewa nafasi kubwa mno. Filamu hizi husema watu wale walipigania uhuru, bila kueleza kwamba Meksiko ilikuwa imefuta utumwa mwaka 1829 na kwamba katiba ya Texas ya Machi 1836 iliulinda. Mmoja wa walionusurika na kutoa ushahidi wa mapambano alikuwa Joe, mtumwa wa kamanda William Travis. Na Crockett mwenyewe, akiwa mbunge wa Tennessee, alipinga mwaka 1830 sheria ya kuwahamisha wenyeji wa asili kutoka ardhi zao. Msimamo ule ulihitaji ujasiri kuliko kuvaa kofia ya manyoya.

Hugh Glass wa The Revenant alikuwa na mwana aliyeuawa?

Mwana huyo ni wa kubuni, na kisasi chote cha filamu ya 2015 kimejengwa juu yake. Glass wa kweli, mwindaji wa wanyama wa manyoya, alishambuliwa na dubu mwishoni mwa kiangazi cha 1823, kwenye tambarare za Dakota Kusini ya leo, hakukuwa na theluji ya milimani. Wenzake wawili walioachwa wamwangalie walichukua bunduki yake wakaondoka. Akajikokota na kutembea kama kilomita 320 hadi Fort Kiowa. Alipowapata, Jim Bridger aliyekuwa kijana alimsamehe. John Fitzgerald alikuwa amejiunga na jeshi, kwa hiyo Glass hakuweza kumdhuru, akaridhika kurudishiwa bunduki.

Glass hakuacha maandishi yake mwenyewe kuhusu dubu yule. Simulizi ya kwanza ilichapishwa mwaka 1825 na mtu mwingine, kwa hiyo hata "kisa cha kweli" kilianza kama hadithi ya mkono wa pili.

Calamity Jane na Wild Bill Hickok walipendana?

Jane, mwanamke mashuhuri wa Magharibi ile, na Hickok, mpiga bastola, walifahamiana wiki chache tu. Walifika Deadwood, mji wa machimbo ya dhahabu, katika msafara mmoja Julai 1876, na Hickok akauawa tarehe 2 Agosti. Alikuwa amemwoa Agnes Lake mwezi Machi. Ndoa yao katika filamu ya 1953, Calamity Jane, ni ya wimbo na dansi tu.

Mbona makauboi wa filamu karibu wote ni weupe?

Kwa sababu watayarishaji walichagua hivyo. Wanahistoria hukadiria kwamba hadi robo ya makauboi wa njia za kuswagia ng'ombe walikuwa Weusi, na wengine wengi walikuwa wenye asili ya Meksiko. Utaratibu wenyewe wa kazi, kamba, tandiko na majina ya vifaa, ulitoka kwa wachungaji wa Meksiko.

Bass Reeves alizaliwa mtumwa Arkansas mwaka 1838. Kuanzia 1875 aliifanyia serikali kuu kazi ya kukamata wahalifu chini ya mahakama ya Jaji Isaac Parker mjini Fort Smith. Katika miaka zaidi ya 30 anahesabiwa kukamata watu zaidi ya 3,000, akiwemo mwanawe mwenyewe kwa kosa la mauaji. Alifariki mwaka 1910, na tamthilia kubwa ya televisheni kumhusu ilitoka mwaka 2023. Utasikia kwamba yule Lone Ranger wa redio na filamu alitokana naye. Dai hilo halijathibitishwa, na Reeves hana haja nalo.

Je, walisimama barabarani na kushindana kuchomoa bastola?

Mara chache mno. Mfano unaothibitika ni Hickok na Davis Tutt mjini Springfield, Missouri, tarehe 21 Julai 1865, wakiwa mbali kwa mita kama 70, na kilichoamua kilikuwa shabaha, si wepesi wa kuchomoa. Katika miji mitano ya soko la ng'ombe huko Kansas, Dodge City ikiwemo, mwanahistoria Robert Dykstra alihesabu mauaji 45 kuanzia 1870 hadi 1885. Kwa idadi ya watu wa miji ile midogo, kiwango hicho si kidogo, lakini si maiti kila jioni.

Kuhusu silaha, angalia mambo mawili. Kwanza, moshi: baruti nyeusi ya zamani ilitoa wingu zito, na baada ya risasi chache mpigaji haoni mbele. Filamu huuondoa ili sura zionekane. Pili, Winchester ya 1892 hutumika ovyo katika filamu za matukio ya miaka ya 1870 na 1880.

Historia ya Afrika Mashariki nayo imefanyiwa hivyo?

Ndiyo. The Ghost and the Darkness ya 1996 inahusu simba wala watu wa Tsavo wakati wa ujenzi wa reli kutoka Mombasa. Mwindaji Mmarekani anayeletwa kusaidia hakuwepo. J. H. Patterson aliwaua simba wote wawili Desemba 1898. Simba wa filamu wana manyoya marefu shingoni. Wale wa kweli hawakuwa nayo, na unaweza kuwaona katika jumba la makumbusho la Field, Chicago. Patterson alikuja kudai waliua watu 135, lakini uchunguzi wa mifupa na nywele zao uliochapishwa 2009 ulikadiria watu 35 hivi.

Filamu ya 1939 kuhusu Stanley na Livingstone ina kasoro kubwa zaidi. Inamwacha Stanley akirudi Afrika kuendeleza kazi njema ya Livingstone. Miaka minane baada ya kukutana kwao Ujiji mwaka 1871, Stanley alikuwa Kongo akimfanyia kazi Mfalme Leopold II wa Ubelgiji.

Nitaikaguaje filamu mwenyewe?

Andika vitu vinne ukiwa unatazama: tarehe, mahali, umri wa mhusika, na sababu anayopewa ya kutenda. Kisha:

1. Tafuta tarehe za kuzaliwa na kufa za kila mhusika anayetajwa kwa jina kamili. Hatua hii peke yake humnasa Mzee Clanton na mama wa Jesse. Asiye na tarehe yoyote popote, yaelekea amebuniwa.
2. Panga matukio kwa mfuatano wa kweli, uulinganishe na wa filamu. Tukio lililohamishwa kutoka baada kwenda kabla ndilo la kutilia shaka kwanza.
3. Soma magazeti ya wakati huo katika hazina ya Maktaba ya Bunge la Marekani iitwayo Chronicling America. Ni bure. Chagua jimbo na miaka kabla ya kuandika jina. Jaribu tahajia zaidi ya moja: McLaury aliandikwa mara nyingi McLowry, na kompyuta husoma vibaya herufi zilizofifia.
4. Soma magazeti mawili yenye misimamo tofauti. Huko Tombstone, Epitaph liliwaunga mkono akina Earp, na Nugget lilikuwa upande wa wapinzani wao. Wanapokubaliana ndipo pa kushika.
5. Tafuta kumbukumbu za mahakama. Baada ya mapigano ya Tombstone, Hakimu Wells Spicer alisikiliza mashahidi kwa karibu mwezi mzima, na ushahidi wao unasomeka hadi leo.

Ukitafuta sensa, tumia za 1870, 1880 na 1900. Ile ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto wa Washington mwaka 1921, hivyo kukosekana kwa jina humo hakumaanishi chochote.

Ipo filamu iliyokaribia ukweli?

Anza na The Assassination of Jesse James by the Coward Robert Ford, ya 2007. Jesse anauawa kama kumbukumbu zinavyosema: St. Joseph, Missouri, asubuhi ya 3 Aprili 1882, amevua mkanda wa bastola, amepanda juu ya kiti kuweka sawa picha ya ukutani, na risasi inaingia kwa nyuma ya kichwa. Robert Ford, aliyemuua, na kaka yake Charley wanaonyeshwa baadaye wakiigiza mauaji hayo jukwaani kwa kiingilio, na hilo pia lilitokea kweli.